Nyasi Zinavyoweza Kurudi Bule: Kufufua Malisho kwa Jembe, Panga na Zizi la Usiku

Bule, mji mdogo wa wilaya ya Djugu, jimboni Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulioko kaskazini-mashariki mwa Bunia, umekaa kwenye nyanda za juu zinazopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Albert, lililoko chini upande wa mashariki, liko kwenye mita zipatazo 620 tu. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo inayovipa vilima vya Djugu hewa ya baridi na mvua za misimu miwili, wa kwanza ukianza Machi au Aprili hadi Juni, na wa pili ukianza Agosti hadi Novemba, na ndiyo iliyowafanya wafugaji wa Ituri kuvithamini vilima hivi kwa vizazi vingi. Anayetazama vipimo vya mvua peke yake anaweza kudhani kwamba mahali kama hapa hapawezi kusumbuliwa na ukavu wa malisho. Lakini kati ya Desemba na Februari, miteremko iliyolishwa kupita kiasi hubaki na udongo mtupu na vishina vya rangi ya majivu, kwa sababu mvua ya miezi iliyotangulia iliteremka bondeni bila kuingia ardhini. Malisho ya aina hii ni makavu katikati ya nchi yenye mvua, na hilo ndilo linalofanya ufufuaji wake uwezekane hata kwa familia isiyo na trekta, pampu wala fedha za kununua mbegu kwa magunia.

Hali ya usalama imelizidisha tatizo. Tangu Desemba 2017 mashambulizi ya makundi yenye silaha yamewaondoa watu wengi wa Djugu katika vijiji vyao, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule. Pale ambapo mchungaji hawezi kwenda mbali na kurudi salama kabla ya giza, mifugo hulishwa mahali palepale siku baada ya siku, karibu na makazi na kambi, huku malisho ya mbali yakigeuka kichaka kisichotumiwa na mtu. Kwa hiyo kipande kidogo kilicho jirani na nyumba, chenye robo hekta, nusu hekta au hekta moja, kimekuwa na thamani ambayo hakikuwa nayo wakati kundi lilipoweza kutembea kilima hadi kilima. Makala haya yanahusu kipande cha aina hiyo, na hoja yake ni kwamba kufanikiwa au kushindwa kwa kazi ya kurudisha nyasi hutegemea zaidi matayarisho ya uso wa ardhi na ulinzi wa msimu wa kwanza kuliko wingi wa mbegu au ukubwa wa vifaa.

Kabla ya kutafuta mbegu, mwenye ardhi anapaswa kuhakikisha kwamba ardhi yake inazihitaji kweli, kwa sababu malisho mengi yanayoonekana kufa bado yana uhai chini yake, na kinachokosekana ni mapumziko. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: mtu hutembea kwa mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa kipande hadi mwingine, na kila hatua hutazama kilichopo mbele ya kidole chake cha mguu, kama ni kishina cha nyasi ya kudumu, yaani nyasi inayochipua upya kutoka mizizi yake mwaka hadi mwaka, au ni nyasi ya msimu inayoota kwa mbegu na kufa, au ni gugu, au ni udongo mtupu. Pale ambapo kishina hai cha nyasi ya kudumu yenye kulika kinapatikana karibu kila hatua moja au mbili, kusia mbegu ni kupoteza nguvu, maana kufunga eneo lisilishwe kwa msimu mmoja wa mvua kutafanya kazi hiyohiyo bila gharama. Pale ambapo hatua tano au sita hupita bila kishina, mapumziko peke yake yatachukua miaka mingi mno, kwani hakuna mmea mama wa kuangusha mbegu. Na pale ambapo vishina ni vingi lakini ng'ombe huvipita bila kuvigusa, kama inavyotokea eneo linapotawaliwa na Sporobolus pyramidalis, nyasi ngumu yenye suke jembamba la umbo la piramidi inayostawi kwenye malisho yaliyochoka, wingi wa majani usimdanganye mfugaji.

Nguvu ya mapumziko imekwisha kuthibitishwa Afrika Mashariki kwa kiwango kikubwa sana. Huko Kondoa, katikati ya Tanzania, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO na kuanzishwa mwaka 1973, ulifikia uamuzi mgumu mwaka 1979 wa kuondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256, na nyasi na miti ikarudi kwa sehemu kubwa bila kupandwa na mtu. Uamuzi huo uliwaumiza wafugaji waliolazimika kuhamisha ng'ombe wao, na hauwezi kuwa mfano kwa mtu wa Bule ambaye hana pa kuhamia. Kilicho karibu zaidi na uwezo wake ni ngitili ya Wasukuma wa Shinyanga, yaani sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza na kuachwa ikue ili iliwe wakati wa kiangazi, desturi ya zamani ambayo mradi wa serikali wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua badala ya kuibuni upya. Robo ya shamba inaweza kuwa ngitili wakati robo nyingine inalishwa, na hakuna anayehitaji kuhama.

Yanabaki maeneo yaliyokwisha kuwa vipara, na hapo ndipo ni lazima kueleza kwa nini mbegu zinazotupwa juu ya ardhi ngumu karibu zote hupotea. Anayepiga magoti kando ya kipara mwezi Februari ataona kwamba juu ya udongo kuna ganda jembamba, mara nyingi halizidi unene wa ukucha, linalovunjika vipande kama kigae likiinuliwa kwa ncha ya kisu, na chini yake kuna vumbi ambalo halijaonja maji. Ganda hilo limetengenezwa na matone ya mvua yenyewe: tone linapopiga udongo usiofunikwa na jani, hutenganisha chembe, na zile zilizo laini kabisa huziba matundu madogo ambayo maji na hewa vingepitia. Maji yanayofuata hayana njia ila kuteleza, na yanapoteleza hubeba mbegu, mavi makavu na majani yaliyooza hadi mahali penye kizuizi. Ndiyo maana, katikati ya kipara kisicho na chochote, mche mmoja mmoja huonekana ubavuni mwa jiwe, kwenye ukingo wa mavi ya ng'ombe au ndani ya alama ya kwato iliyokauka. Mbegu ya nyasi ni ndogo mno, kiasi kwamba kilo moja ya nyasi ya Rhodes huwa na mbegu milioni kadhaa, na akiba ya chakula iliyomo ndani yake huuwezesha mche kupenya milimita chache tu za udongo laini. Haiwezi kuvunja ganda, na ikizikwa kwa kina kama mahindi inakufa kabla ya kuona jua.

Kutokana na hayo, kazi ya kwanza ya jembe ni kuvunja ganda na kuyazuia maji, wala si kulima shamba zima. Kulima mteremko wote wa Djugu kwa ajili ya nyasi ni kosa ambalo wakulima wenye trekta wanaweza kulimudu kwa bahati, lakini mwenye jembe hapaswi kulifanya, kwa kuwa mvua moja kubwa ya Aprili ikikuta mteremko uliotifuliwa wote huondoka na udongo pamoja na mbegu. Njia iliyo bora ni kulima mikanda, yaani vipande vyembamba vyenye upana wa nusu mita vinavyofuata usawa wa mteremko, huku nyasi chache na magugu yaliyopo kati ya mkanda na mkanda yakiachwa kama walinzi wa udongo kwa mwaka wa kwanza. Katika robo hekta yenye mita 50 kwa 50, mikanda ikitenganishwa kwa mita mbili kutoka katikati hadi katikati, itapatikana mikanda 25 ya mita 50 kila mmoja, ambayo jumla yake ni mita za mraba 625, yaani robo tu ya eneo. Kazi ya jembe, mbegu na samadi zote hupungua kwa kiasi hichohicho, na familia ya watu wachache inaweza kumaliza bila kuacha mashamba yake ya mahindi na maharage.

Usawa wa mteremko hupatikana kwa fremu ya A, kifaa kinachotengenezwa kwa fito mbili za mita mbili hivi zilizofungwa pamoja juu na kupanuliwa chini, fito ya tatu ikivuka katikati kama mstari wa herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kwenye fundo la juu. Ili kukipima kifaa, fremu husimamishwa juu ya vigingi viwili vya kudumu, alama huwekwa pale uzi unapogusa fito ya kati, kisha fremu hugeuzwa ili mguu wa kulia ukae palipokuwa na wa kushoto, na alama ya pili huwekwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo uzi unapotulia miguu yote ikiwa kwenye usawa mmoja. Mtu mmoja hutembeza fremu mguu kwa mguu kuukata mteremko, mwingine hupigilia vijiti, na baada ya siku moja robo hekta nzima huwa imechorwa. Udongo unaochimbwa kwa kina cha sentimita tano hadi kumi huwekwa upande wa chini wa mkanda, ukawa tuta dogo linalokinga maji. Pale ambapo maji yamekwisha kuchonga mfereji, mawe au matawi ya miiba hupangwa kuukata mfereji huo kabla ya kitu kingine chochote kufanyika, kwani mkanda unaofunguka kwenye mfereji humwaga maji yake yote humo.

Fundisho lenye manufaa zaidi kwa Bule limetoka ng'ambo ya Ziwa Albert, katika wilaya ya Nakasongola nchini Uganda, iliyoko ndani ya ule ukanda wa wafugaji unaoikata nchi hiyo kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki. Malisho ya Nakasongola yalifikia hali mbaya kiasi kwamba mbegu zilizopandwa upya ziliota na kisha miche ikaliwa na mchwa, wadudu ambao kwa kawaida hula majani makavu na mavi, lakini ambao, kwa kuwa ardhi haikuwa na kitu kingine, walikuwa wamegeukia kila kilichochipua. Watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Makerere walijaribu jambo ambalo wafugaji wengi wa zamani wangelitambua mara moja: waliwalaza ng'ombe usiku juu ya vipara, ndani ya zizi la kuhamishika, kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha wakapanda mbegu. Pale palipopandwa mbegu bila kulaza ng'ombe, mchwa waliharibu kazi. Pale ng'ombe walipolala, nyasi zilirudi. Maelezo yake ni kwamba mavi na mkojo viliupa udongo rutuba na unyevu, kwato zilivunja ganda, na mchwa walipata chakula walichokipenda kuliko miche michanga.

Umuhimu wa matokeo hayo kwa mtu asiye na vifaa ni mkubwa, kwa sababu ng'ombe yuleyule aliyechangia kuiharibu ardhi ndiye anayefanywa jembe, toroli na mbolea. Hata hivyo hesabu yake inapaswa kufanywa mapema, ili mtu asitegemee yasiyowezekana. Ng'ombe mmoja anahitaji mita za mraba tatu hivi za kulala. Kaya yenye ng'ombe sita itajaza zizi la mita za mraba 18, na zizi hilo likihamishwa kila baada ya wiki mbili kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, litakuwa limekaa mahali saba na kufunika mita za mraba zisizozidi 130. Eneo hilo halitoshi robo hekta, lakini linatosha vipara vibaya zaidi, vile ambavyo jembe halifui dafu mbele yake. Kaya tano zikikubaliana kulaza ng'ombe 30 pamoja, eneo hupanda hadi mita za mraba 630, na hapo ndipo mradi unapopata sura ya kijiji. Zizi lenyewe hutengenezwa kwa fito zilizofungwa kama malango mepesi, au kwa matawi ya miiba yanayokokotwa kutoka mahali hadi mahali. Kwa vile usiku wa Djugu una wezi wa mifugo na mengine mabaya kuliko wizi, zizi linapaswa kuwa mahali ambapo sauti kutoka nyumbani inasikika. Na asiyeweza kulaza ng'ombe nje ya boma lake la kudumu anaweza kubeba samadi kwa toroli au vikapu na kuitandaza kwenye mikanda peke yake, unene wa vidole viwili, akaichanganya na udongo kwa jembe. Kinachokosekana katika njia hiyo ya pili ni kazi ya kwato na mkojo, kwa hiyo matokeo yake huchelewa, ingawa hufika.

Katika kuchagua nyasi, wakazi wa Ituri wana urithi ambao hautajwi vya kutosha. Mwaka 1933 utawala wa Ubelgiji ulianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, ambayo baada ya uhuru ilirithiwa na INERA ya leo, na mojawapo ya vituo vyake ni Nioka, katika wilaya jirani ya Mahagi, kilichoshughulikia mifugo na mazao ya nyanda za juu. Kusini zaidi, kwenye tambarare ya mto Ruzizi kati ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, ndiko kulikotoka nyasi ambayo wataalamu Germain na Evrard waliipa jina la Brachiaria ruziziensis mwaka 1953, na ambayo katika nchi nyingi za tropiki hujulikana kama nyasi ya Kongo. Nyasi hiyo ilivuka bahari hadi Amerika ya Kusini, ambako watafiti wa kituo cha CIAT nchini Kolombia waliitumia kama mzazi mmoja wa nyasi chotara iitwayo Mulato, iliyouzwa kwa wafugaji wa mabara kadhaa, wakiwemo wa Afrika. Ina majani laini yanayopendwa na ng'ombe wa maziwa, hutambaa na kufunika ardhi, na inaweza kupandwa kwa mbegu au kwa vipande. Udhaifu wake ni kwamba haivumilii udongo uliokwisha rutuba kabisa, na ndiyo maana mahali pake ni kwenye mikanda iliyopata samadi. Nyasi ya Rhodes, kwa jina la kitaalamu Chloris gayana, huota upesi na kutuma vitambaazi vinavyofunga udongo. Setaria huzoea baridi ya vilimani. Kikuyu, iliyo nyasi ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, inafaa sehemu za juu zenye unyevu, ingawa anayeipanda karibu na shamba la chakula ajue kwamba ni vigumu mno kuing'oa. Kwa kawaida mchanganyiko wa nyasi mbili au tatu ni salama kuliko aina moja, na nyasi za kienyeji zinazobaki kwenye mipaka ya mashamba, makaburini na kando ya barabara ambako ng'ombe hawafiki, zinastahili kuchunguzwa kwanza, kwa sababu zimekwisha kuthibitisha kwamba zinaishi hapo.

Mbegu zinazokusanywa kwa mkono huvunwa pale sehemu ya juu ya suke inapoanza kuachia punje ikisuguliwa kiganjani; zikivunwa mapema huwa maganda matupu, zikicheleweshwa huwa zimekwisha kuanguka. Hukaushwa kivulini, juu ya turubai au mkeka, na kuhifadhiwa katika mfuko wa nguo au kiroba kinachopitisha hewa, mbali na jiko na panya. Mbegu nyingi za nyasi, hasa Brachiaria, huwa na usingizi, yaani hali ya mbegu nzima na hai kukataa kuota kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na wapo waliozitupa mbegu nzuri kwa kudhani zimekufa. Jaribio la kuota, likifanywa baada ya miezi hiyo kupita, huondoa shaka: mbegu 100 hupangwa juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, hufunikwa, hunyunyiziwa maji kila siku, na baada ya wiki mbili zilizoota huhesabiwa. Zikiota 60, kiasi cha kilo nane kwa hekta kinachopendekezwa mara nyingi kinatosha, na kwa ile mikanda ya robo hekta, ambayo inachukua robo ya eneo, nusu kilo itafaa. Zikiota 20, kiasi hicho kiongezwe mara tatu. Kwa kuwa mbegu ni nyepesi na upepo huzichukua, huchanganywa na mchanga mkavu au vumbi la mbao, hugawanywa mafungu mawili, fungu moja likimwagwa kwa kwenda na jingine kwa kurudi. Baada ya hapo tawi lenye majani hukokotwa juu ya mkanda mara moja tu, na udongo hukandamizwa kwa nyayo, ili mbegu igusane na udongo bila kuzikwa zaidi ya sentimita moja.

Kwa mwenye ardhi wa Bule asiyepata mbegu za kununua, vipande vya mashina huenda vikawa njia ya uhakika zaidi. Shina mama lenye afya hung'olewa, majani yake hupunguzwa kwa panga hadi urefu wa kiganja, na kugawanywa vipande, kila kimoja kikiwa na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Mikanda yote 25 ya robo hekta ina urefu wa mita 1,250, na kipande kikipandwa kila nusu mita vitahitajika vipande 2,500. Ikiwa kila shina mama litatoa vipande kumi, mashina 250 yanatosha, na mashina hayo yanaenea katika kitalu cha mita nane kwa nane kilichopandwa msimu mmoja kabla, kando ya nyumba, mahali panapoweza kumwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Kitalu hicho kidogo kinafanya kazi ya duka la mbegu.

Msimu wa kupanda ulio bora ni mwanzo wa mvua za Machi na Aprili, baada ya mvua mbili au tatu zilizolowesha udongo kwa kina cha kiganja, kwani nyasi iliyoota wakati huo hupata misimu miwili ya mvua kabla ya kukutana na kiangazi chake cha kwanza. Mvua ya kwanza kabisa haipaswi kuaminiwa. Aliyechelewa anaweza kupanda Agosti, akijua kwamba mizizi itakuwa na miezi minne tu ya kushuka chini, na kwamba kwa hiyo ulinzi wa Januari unapaswa kuwa mkali zaidi.

Familia isiyoweza kuacha ardhi bila chakula kwa mwaka mzima inaweza kupanda mahindi kwanza na kusia mbegu za nyasi katikati ya mistari baada ya palizi ya pili, desturi inayofahamika katika nyanda za juu za Kenya kwa nyasi ya Rhodes. Mahindi yakivunwa, mabua hukatwa na kulazwa juu ya miche kama kivuli. Mikunde ya malisho kama Desmodium au Stylosanthes ikiongezwa, huupa udongo naitrojeni na kuwapa ng'ombe protini, ila mbegu zenye ganda gumu huhitaji kutumbukizwa kwa dakika chache katika maji yaliyochemka na kuachwa yapoe kidogo.

Kazi yote hiyo inaweza kupotea kwa alasiri moja mbuzi wakiingia. Ulinzi wa msimu wa kwanza ni sehemu ya upandaji, na hauna budi kupangwa kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa, kwa uzio wa miiba, kwa kupanda mpaka wa miti inayochipua kutoka vijiti, au kwa makubaliano na majirani yanayojulikana kwa mkuu wa kijiji. Huko Baringo nchini Kenya, ambako mradi ulioanza mwaka 1982 na baadaye kuwa shirika la RAE umefufua malisho ya jamii kwenye ardhi kame kuliko Djugu, mashamba hufungwa kwanza na kisha hutumiwa kwa mpango, kwa kukata majani, kuuza mbegu na kunenepesha mifugo. Katika Djugu makubaliano kama hayo yana uzito wa ziada, kwa sababu sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliitangaza ardhi yote ya nchi kuwa mali ya Dola, huku watu wakiendelea kuitumia kwa mila, na migogoro ya mashamba makubwa yaliyopatiwa hati ilikuwa miongoni mwa vyanzo vya vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003. Uzio mpya unaotokea usiku bila maelezo unaweza kusomwa vibaya na jirani wa jamii nyingine. Uzio uliojadiliwa mchana, ambao kila upande unajua unalinda nini na hadi lini, ni rahisi kuheshimiwa. Aliyekimbilia Bule na kulima ardhi ya kuazima anahitaji ahadi ya misimu miwili angalau, na kama haipati, ni haki yake kuweka nguvu zake kwenye kitalu cha vipande, ambacho anaweza kuking'oa na kuondoka nacho.

Moto nao una kanuni yake. Kuchoma nyasi mwishoni mwa kiangazi huleta majani mabichi ya haraka, lakini huua miche na kuipa nafasi Imperata, nyasi yenye majani makali ambayo mashina yake ya chini ya ardhi hayadhuriwi na moto. Kipande kilichopandwa huzungukwa na ukanda wa mita tatu uliofyekwa na kufagiliwa kabla ya Januari.

Wakati wa kufungulia mifugo hujulikana kwa mkono. Mtu hushika fungu la majani kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika na kulivuta kwa nguvu. Likikatika, mizizi imeshika, na likitoka zima pamoja na mizizi, bado. Katika mwaka wa kwanza ni vyema nyasi ziachwe zitoe mbegu na kuziangusha katika nafasi zilizoachwa kati ya mikanda, kisha majani yakatwe kwa panga au mundu, yakibakizwa kimo cha kiganja, na kupelekwa zizini. Mwaka wa pili ng'ombe wanaweza kuingia kwa siku chache wakati udongo si tope, wakatoka mara nusu ya majani inapoliwa, na kutorudi kabla ya wiki nne hadi sita za mvua kupita. Mwaka huohuo mashina yaliyosongamana hugawanywa, na vipande vyake huhamishiwa kwenye robo hekta inayofuata, au kwa jirani ambaye ng'ombe wake walilala zizini pamoja na wengine.